Jina la Nje na Jina la Ndani la Mifumo Huria

Tarehe 24 Julai 1998 mradi wa Debian ulitoa toleo la 2.0 la mfumo wake endeshi na kuliita Hamm. Hamm ni kile kibubu cha nguruwe kinachosema na kutembea katika filamu ya katuni ya Toy Story. Toleo hilo lilikuwa na vifurushi zaidi ya 1,500, kazi ya watu wa kujitolea zaidi ya 400, na kwa mara ya kwanza Debian ikafanya kazi kwenye prosesa za Intel na zile za familia ya Motorola 68000 kwa pamoja. Jambo kubwa kuliko yote hayo halikuonekana kwenye skrini. Chini ya vifurushi vyote, maktaba moja ilikuwa imeng'olewa na nyingine kuwekwa mahali pake. libc5 ilitoka, libc6 ikaingia, na kila programu iliyoitegemea ile ya zamani ilibidi iundwe upya ili itegemee mpya.

Mfumo huria wowote, basi, una majina ya aina mbili. Lipo la nje, la kufurahisha, linaloshikika kichwani: nguruwe wa filamu, mnyama wa porini, kitindamlo, kimbunga. Na lipo la ndani, kavu, lililoandikwa kwa herufi ndogo na nukta, ambalo mtumiaji wa kawaida anaweza kumaliza maisha yake bila kulitamka. Historia ya programu huria husimuliwa mara nyingi kwa majina ya nje. Nadhani tunawapunja watu wengi tukifanya hivyo, kwa sababu kazi iliyokuwa ngumu zaidi, na iliyohitaji uaminifu zaidi, ilifanywa kwenye majina ya ndani.

Programu inapotaka kufungua faili, kuomba sehemu ya kumbukumbu, kujua saa au kutafuta anwani ya seva, kwa kawaida haiongei na kiini cha mfumo moja kwa moja. Hupitia maktaba ya C, iliyochukua jina la lugha aliyoibuni Dennis Ritchie pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwanzo kila programu ilibeba nakala yake ya maktaba hiyo. Baadaye ukaja utaratibu wa maktaba ya pamoja: nakala moja kwenye diski, na programu zote huchota humo. Ni kisima cha mtaa. Maji yakiwa safi hakuna anayekifikiria, na siku sumu ikiingia hakuna nyumba inayosalimika.

Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU tarehe 27 Septemba 1983 akikusudia kujenga mfumo mzima unaofanana na Unix, ulio huru kwa kila mtu kuutumia, kuuchunguza na kuurekebisha. Mfumo mzima ulihitaji maktaba yake ya C. Kazi hiyo ilianzwa na Roland McGrath katika miaka ya 1987 na 1988, akiwa bado kijana wa umri wa sekondari. Februari 1988 Free Software Foundation iliweza kuwaambia wafuasi wake kwamba maktaba hiyo iko karibu kukamilisha yale yaliyotakiwa na kiwango cha ANSI cha lugha ya C. McGrath aliendelea nayo, kwa vipindi vya nguvu na vya utulivu, hadi alipong'atuka mwaka 2017. Ni miaka thelathini. Wapo wafalme waliotawala muda mfupi kuliko huo na wakajengewa sanamu.

Linus Torvalds alipotangaza kiini chake cha Linux Agosti 1991, waliomfuata walichukua maktaba ya GNU lakini hawakusubiri mwendo wake. Waliitenga, wakairekebisha ifae Linux, wakaiendeleza wao wenyewe kwa jina la Linux libc, na aliyeitunza kwa miaka ya mwanzo alikuwa H. J. Lu. Toleo lake la nne lilitumia umbo la faili la zamani liitwalo a.out, ambalo lilidai kila maktaba ya pamoja ipangiwe anwani yake maalumu ndani ya kumbukumbu. Maana yake ni kwamba watu walipaswa kuelewana nani akae wapi, wasije wakapandiana. Toleo la tano likahamia umbo la ELF, lililotoka kwenye Unix ya System V, na adha hiyo ikaisha.

Wakati huohuo maktaba ya GNU ilikuwa imezinduka. Ulrich Drepper aliishika kwa bidii isiyo ya kawaida, na Januari 1997 ilitoka glibc 2.0, ikiwa imara kuliko ile iliyotengwa. Wanalinux wakafanya jambo ambalo ni nadra miongoni mwa waliokwisha kutengana: waliacha ya kwao wakarudi kwenye shina. Kwa kuwa ya mwisho waliyotumia ilijulikana ndani ya mfumo kama libc.so.5, ile iliyorudi ilipewa namba inayofuata, libc.so.6. Mpaka leo, ukifungua kompyuta nyingi za Linux, namba hiyo ya sita ipo palepale. Ni kumbukumbu ya upatanisho huo, ingawa wengi wanaoiona hawajui.

Majina ya nje yalikuja kwa njia nyingine kabisa. Debian ilianzishwa na Ian Murdock tarehe 16 Agosti 1993, na jina lake liliunganisha lake na la Debra, mchumba wake wa wakati huo. Mwishoni mwa mwaka 1995 mradi ulikuwa ukijiandaa kutoa toleo la 1.0. InfoMagic, kampuni iliyouza programu kwenye CD, ilichukua nakala iliyokuwa bado jikoni na kuiuza kwa namba hiyohiyo. Nakala ile haikuwa imeiva. Desemba 1995 ilibidi watu watangaziwe kuwa kilicho kwenye CD hizo sicho Debian 1.0, na namba hiyo ikaachwa moja kwa moja. Toleo lililofuata lilikuwa la 1.1, Juni 1996, nalo lilikuwa la kwanza kubeba jina: Buzz, yule mwanaanga wa kuchezea.

Aliyekuwa akiuongoza mradi wakati huo ni Bruce Perens, ambaye mchana alifanya kazi Pixar, studio iliyotengeneza Toy Story. Filamu ilikuwa imetoka Novemba iliyotangulia, na wahusika wake walikuwa wengi na wanapendeka. Lakini jina lilikuwa na kazi pia. Saraka iliyoandikwa 1.0 humdanganya mpita njia kwamba kazi imekwisha, ilhali saraka iliyoandikwa Buzz haidai chochote. Jina pia humfuata mwenye nalo tangu utotoni hadi uzeeni, hivyo seva zilizonakili hifadhi ya Debian duniani kote hazikulazimika kupakua upya maelfu ya faili kwa sababu tu saraka imehamishwa kutoka upande wa majaribio hadi upande wa matoleo kamili. Kwa intaneti ya mwaka 1996 hilo lilikuwa jambo la pesa na la masiku.

Na kulikuwa na Sid. Katika filamu, Sid ni mtoto wa jirani anayevunjavunja vitu vya kuchezea. Debian ililipa jina hilo tawi ambalo halitoki kamwe, lile linalopokea kila kifurushi kipya kikiwa bado cha moto. Matoleo yote mengine hupita, Rex na Bo na Slink na Potato, lakini Sid habadiliki. Ukichagua kumtumia umekubali kuvunjikiwa. Sijui mradi mwingine uliowatahadharisha watu wake kwa jina fupi na la haki kiasi hicho.

Turudi kwa Hamm sasa, kwa sababu hapo ndipo majina ya nje na ya ndani yalipokutana kwa mara ya kwanza kwa kishindo. Kuhama kutoka libc5 kwenda libc6 hakukuwa kubadilisha faili moja. Programu iliyounganishwa na maktaba ya picha, na maktaba ya picha iliyounganishwa na libc5, haiwezi kuishi katika mchakato mmoja na kitu kilichounganishwa na libc6 bila vurugu. Red Hat, watoaji wa mfumo mwingine wa Linux, walitangulia kwa toleo la 5.0 waliloliita Hurricane, Desemba 1997. Debian walikwenda polepole zaidi. Waliruhusu maktaba za pande mbili zikae pamoja ndani ya kompyuta moja ili mtu aweze kuhama hatua kwa hatua bila kufuta mfumo wake, na ili kuzitofautisha waliongeza herufi g mwishoni mwa majina ya zile zilizojengwa juu ya glibc. Uhamaji uliisha, libc5 ikasahauliwa, herufi zikabaki. Maktaba ya kubana data ambayo karibu kila mfumo wa Debian na Ubuntu huihitaji inaitwa zlib1g hadi leo. Hiyo g ni ya mwaka 1998, na bado inatembea.

Baada ya adha hiyo watunzaji wa glibc waliazimia kwamba namba sita isibadilike tena. Walichukua wazo lililoanzia kwenye mfumo wa Solaris wa kampuni ya Sun na kulipeleka mbali zaidi. Kila kazi iliyomo ndani ya maktaba hupewa alama ya toleo ilikoanzia, na kazi moja inaweza kuwa na sura mbili au tatu zinazoishi pamoja. Programu iliyoundwa mwaka 1999 huomba sura ya mwaka 1999 na kuipata, huku iliyoundwa jana ikipewa sura mpya. Faili ni moja, jina ni moja, lakini ndani yake kuna tabaka za miaka. Ndiyo maana matoleo ya nje yamepita kwa makumi huku libc.so.6 ikibaki vilevile. Kinachoruhusu sherehe ya majina mapya kila baada ya miezi au miaka ni ukaidi wa jina moja lisilobadilika.

Ndani ya maktaba hiyo msomaji wa Kiswahili naye ana sehemu yake. glibc hubeba maelezo ya lugha na nchi: majina ya siku na miezi, namna ya kuandika tarehe, alama ya fedha. Kiswahili kimo mara mbili, kwa sw_KE na sw_TZ. Mtu akiweka mfumo wake hivyo, kompyuta inapotaja siku humwambia Jumatatu na Jumanne bila programu yoyote ya ziada. Kuna aliyekaa akaandika mistari hiyo na kuituma. Ni kazi ya aina ileile iliyofanywa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mradi wa Kilinux, uliotoa programu ya ofisi ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Jina hilo la Jambo tulilisikia. Ya sw_TZ wachache wanaijua, lakini ndiyo iliyozama zaidi katika msingi.

Mwaka huohuo wa 2004 ndipo majina ya nje yalipopata umaarufu wake mkubwa. Debian ilikuwa imekwama. Woody ilitoka Julai 2002, na Sarge haikutoka hadi Juni 2005. Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini aliyeuza kampuni yake ya Thawte mwaka 1999 na kwenda anga za juu kwa chombo cha Soyuz mwaka 2002, aliwakusanya wataalamu kadhaa wa Debian na kuahidi toleo jipya kila miezi sita, likichukua vifurushi kutoka kwa Sid na kuving'arisha. Jina la toleo la kwanza lilizaliwa katika mazungumzo kwenye kivuko huko Sydney. Miezi sita ni michache, hapatakuwa na muda wa kulainisha kila kitu, basi na liitwe Warty Warthog, ngiri mwenye chunjua. Ubuntu 4.10 ilitoka tarehe 20 Oktoba 2004 kwa jina hilo.

Baada yake wakaja kalunguyeye na melesi. Dapper Drake, bata dume mtanashati, alicheleweshwa kwa wiki sita ili awe toleo la kwanza la kutunzwa kwa muda mrefu, hivyo akatoka kama 6.06 wakati ratiba ilisema 6.04. Kuanzia hapo herufi zilifuata mpangilio wa alfabeti, zikafika Z na kuanza upya mwaka 2017. Wanyama wetu wamo: kakakuona wa 12.04, tumbili wa 15.04, tandala wa 22.10. Mpaka Aprili 2011 kampuni ya Canonical, inayoitoa Ubuntu, ilituma CD zake bure kwa posta hadi kwa mtu yeyote duniani aliyeziomba. Kwa mwanafunzi ambaye kupakua megabaiti 700 kulimgharimu pesa za wiki nzima kwenye kibanda cha intaneti, bahasha ile ilikuwa ndiyo mlango wenyewe. Naamini wengi katika Afrika Mashariki walianza hapo, na hakuna namba ya toleo wanayoikumbuka, wanakumbuka mnyama.

Red Hat walikuwa na mchezo wa aina yao: kila jina lihusiane na lililotangulia, lakini kwa maana tofauti na ile iliyounganisha mawili ya nyuma. Colgate na Vanderbilt ni vyuo vikuu vya Marekani. Vanderbilt na Biltmore ni ukoo na kasri lake huko North Carolina, jimbo ambako Red Hat ina makao yake. Fedora, mfumo uliotokana na Red Hat, ilirithi mchezo huo na kuuendeleza mpaka ukachosha. Toleo la 19, la mwaka 2013, liliitwa Schrödinger's Cat, na ile alama ya kukata pamoja na herufi yenye vidoti juu vikavuruga programu zilizosoma faili la utambulisho wa mfumo bila kutarajia herufi kama hizo. Toleo la 20 likawa la mwisho kupewa jina.

Sababu ya Google kuacha majina ya vyakula vitamu vya Android inatugusa zaidi. Tangu Cupcake ya mwaka 2009 hadi Pie ya mwaka 2018, kila toleo lilikuwa kitindamlo. Agosti 2019 kampuni ilitangaza kwamba toleo la 10 litaitwa 10 tu, kwa kuwa majina yale hayakueleweka kila mahali: kuna lugha ambazo L na R hazitofautishwi kwa sikio, kuna nchi ambako pai si kitu cha kumalizia mlo, na marshmallow si kitu kinachojulikana kwa wengi. Hoja hiyo ni ya kweli. Simu nyingi zilizouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue zilibeba jina la chakula ambacho mnunuzi hajawahi kukiona. Wenyewe ndani ya Google waliendelea kuyatumia majina hayo kimyakimya kwa kazi zao.

Android ina kiini cha Linux, lakini haina glibc. Waliojenga simu waliandika maktaba yao, nyepesi, inayotokana zaidi na kazi ya BSD na yenye leseni isiyo na masharti ya GNU, wakaiita Bionic. Kwa hiyo mfumo wa Linux uliosambaa kuliko yote duniani hauna libc.so.6 ndani yake. Vilevile Alpine Linux, inayopendwa kwenye seva kwa udogo wake, ilihamia mwaka 2014 kwenye maktaba ya musl iliyoanzishwa na Rich Felker. Alpine haina wanyama wala wahusika wa filamu, namba zinaitosha. Ila programu iliyoundwa juu ya glibc haiendi hapo hivihivi, na aliyekwisha kupoteza usiku mzima akijaribu kuihamisha anajua kwamba mpaka halisi kati ya mifumo upo kwenye maktaba ya C, si kwenye nembo.

Kuna misiba ambayo ndiyo imetufundisha kazi ya majina ya ndani. Mei 2006 kifurushi cha OpenSSL katika Debian, maktaba inayotengeneza funguo za siri za mawasiliano, kilirekebishwa ili kunyamazisha onyo la chombo cha kukagua kumbukumbu. Mistari iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikichanganya bahati nasibu ya kutengenezea funguo. Kilichobaki kilikuwa namba ya mchakato peke yake, na namba hizo hazizidi 32,768. Etch ilitoka Aprili 2007 ikiwa na dosari hiyo, na Ubuntu kadhaa nazo. Luciano Bello aliigundua, ikatangazwa tarehe 13 Mei 2008, na kwa siku nyingi wasimamizi wa seva walikuwa wakifuta funguo zao zote na kutengeneza nyingine. Aliyebadilisha mistari ile hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akisafisha.

Msiba wa pili ulikuwa wa hoja zaidi kuliko hatari. Novemba 2010 Fedora 14, yenye jina Laughlin, ilitoka na glibc ambayo ndani yake kazi ya memcpy, ya kunakili vipande vya kumbukumbu, ilikuwa imeharakishwa. Kwenye prosesa fulani sasa ilinakili kutoka mwisho kwenda mwanzo. Sauti za video zilizochezwa kwa Flash ya Adobe zikaanza kukwaruza. Kanuni ya lugha ya C inasema wazi kwamba memcpy isitumiwe pale chanzo na kituo vinapopandiana, na Flash ilikuwa ikiivunja. Watunzaji wa maktaba walisema kosa ni la Flash. Torvalds, aliyekumbwa na tatizo hilo kwenye kompyuta yake mwenyewe, alishikilia kwamba mtumiaji hajali kosa ni la nani, anachojua ni kuwa jana kilifanya kazi na leo hakifanyi. Mwaka 2011 glibc 2.14 ilitumia ule utaratibu wa tabaka: programu za zamani zilipewa sura salama ya memcpy, mpya zikapewa ya haraka. Mimi nasimama upande wa Torvalds hapa. Kanuni zilikuwa upande wa watunzaji, lakini ahadi ya libc.so.6 ilikuwa imetolewa kwa watu waliokwisha kuandika programu zao, wazuri na wabovu.

Ubishi wa namna hiyo ulikuwa umeshawachosha wengine. Mei 2009 Debian ilitangaza kuiacha glibc na kuhamia EGLIBC, nakala yake iliyotengwa, kwa kuwa ushirikiano na uongozi wa glibc ulikuwa mgumu. Squeeze na Wheezy zikatoka hivyo. Machi 2012 kamati ya uongozi ya glibc ilijivunja na usimamizi ukarudi mikononi mwa jumuiya ya waandishi wake. Sababu ya kutengana ikayeyuka, na kufikia Jessie ya mwaka 2015 Debian ilikuwa imerudi. Ni mara ya pili familia hii kutengana na kurudiana, na safari hii jina la ndani halikubadilika hata siku moja, kwa hiyo watumiaji hawakujua kwamba kulikuwa na ugomvi.

Januari 2015 wataalamu wa Qualys walitangaza dosari waliyoiita GHOST, katika kazi ya gethostbyname inayotafuta anwani za seva. Ilikuwa imeingia na glibc 2.2 mwaka 2000. Ilirekebishwa Mei 2013, lakini hakuna aliyetambua kuwa ilikuwa dosari ya usalama, kwa hiyo matoleo ya kutunzwa kwa muda mrefu, Wheezy na kakakuona wa Ubuntu miongoni mwao, yalibaki nayo.

Kisha ikaja Machi 2024. Maktaba ya liblzma ya mradi wa xz, inayobana data, ilikuwa ikitunzwa kwa kujitolea na mtu mmoja aliyechoka. Tangu mwaka 2021 mtu anayejiita Jia Tan alimsaidia kwa subira, akaaminiwa, akapewa mamlaka, na katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 akapandikiza mlango wa siri. Mlango huo ulitumia kipengele cha glibc kinachochagua sura ya kazi wakati programu inaanza, ili kuingia ndani ya huduma ya SSH, ambayo katika Debian na Fedora huivuta liblzma kupitia maktaba nyingine. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aligundua kwamba kuingia kwa SSH kwenye mashine yake ya Debian kunachelewa kwa nusu sekunde. Hakupuuza. Alichimba mpaka akafika chini, na tarehe 29 Machi akaitangazia dunia. Mashine yake ilikuwa ya Sid. Bookworm, toleo lililokuwa likiendesha seva za kweli, haikuguswa. Ubuntu iliahirisha kwa wiki moja toleo la majaribio la 24.04 ili kujenga vifurushi vyake upya.

Sid siku hizo alikuwa tayari kwenye misukosuko mingine. Debian ilikuwa katikati ya uhamaji mkubwa wa maktaba, uliozishika kwa mamia. Mifumo ya biti 32 huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na namba kubwa kuliko zote inayoweza kukaa humo ni 2,147,483,647. Itajaa Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, na sekunde inayofuata mashine itaamini iko Desemba 1901. OpenBSD, ambayo kiini na maktaba yake hutunzwa pamoja na haina ahadi ndefu kwa programu za zamani, ilivuka mapema: toleo la 5.5 la Mei 2014 lilibadilisha kila kitu kwa mkupuo. Debian isingeweza kukata namna hiyo. Ilibidi kila maktaba inayogusa wakati ijengwe upya kwa jina jipya ili ya zamani na mpya zisichanganyike, na mwishoni mwa majina yao ikaongezwa t64. Steve Langasek, aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wa matoleo wakati wa Sarge, ndiye aliyeongoza kazi hiyo. Alifariki mwanzoni mwa Januari 2025, na toleo lenye kazi yake, Trixie, lilitoka tarehe 9 Agosti mwaka huohuo.

Katika Trixie kompyuta zote zinazoungwa mkono zinahesabu wakati kwa biti 64, isipokuwa aina moja: i386, zile za Intel za zamani. Hizo ziliachwa kwa makusudi. Debian haitoi tena kiini wala kisakinishi kwa ajili yao, na sababu pekee ya kuendelea kuwa na vifurushi vyao ni watu wanaotaka kuendesha programu zilizoundwa zamani, ambazo hakuna tena mwenye uwezo wa kuziunda upya. Kubadilisha saa kungezivunja. Kwa hiyo ahadi ya nyuma imetimizwa na ya mbele ikaachwa, na programu hizo zitafanya kazi hadi asubuhi ile ya Januari 2038. Toleo linaloandaliwa sasa linaitwa Forky, na maktaba iliyo chini yake ingali libc.so.6.